Usimwambie Mtoto "Vumilia"



Vijana wenzetu wa Mumias, Matungu, Butere, Lurambi, Kakamega mjini na kokote mnakotusoma, leo tunaongea kuhusu jambo ambalo wakubwa huliona dogo.

Mtoto wa Gredi ya 3 anavutwa mtandio mbele ya darasa zima na watu wanacheka. Mwingine anaitwa "al-Shabaab" kuanzia paredi ya asubuhi hadi kengele ya mwisho. Mwingine ananyang'anywa mandazi yake kila siku wakati wa mapumziko, na akithubutu kusema anangojewa njiani karibu na shamba la miwa. Akifika nyumbani anasema tumbo linamuuma. Kesho hataki kwenda shule. Keshokutwa pia hataki.

Na sisi tunampa jibu gani? Sisi ambao tukisikia dhulma ya mbali tunajaza barabara na mabango, mtoto wetu akidhulumiwa hapa nyuma ya choo cha shule tunamwambia: "Vumilia, mwanangu. Subira huvuta heri."

Hilo neno ndilo tunalolipinga leo.

Subira ni ibada kubwa, hakuna anayebisha. Lakini subira ni ya mtu aliyefanya yote yaliyo katika uwezo wake, kisha akamwachia Mwenyezi Mungu yaliyobaki. Mtoto wa miaka minane amefanya nini? Ameweza nini? Mwenye uwezo ni wewe: babake, mamake, kaka yake, ustadh wake, mwalimu wake. Ukimwambia avumilie jambo ambalo wewe mtu mzima unaweza kulizuia, hiyo si subira yake. Ni uvivu wako umeuvisha kanzu.

Kwanza tuelewane tunaongea juu ya nini, maana kuna wanaosema, "Ati hao ni watoto, wanacheza tu." Watoto kugombana ni kawaida. Wawili wanalingana, wanagombania mpira, wanarushiana ngumi mbili, jioni wanarudi nyumbani wameshikana mabega. Uonevu ni kitu kingine. Kwenye uonevu nguvu hazilingani: mmoja ni mkubwa, au wako wengi, au wana jina na yule hana. Unarudiwa leo, kesho na kesho kutwa. Na lengo ni kumuumiza au kumdhalilisha mwenzake. Mchezo ukiwa mmoja peke yake ndiye anayelia kila siku, huo si mchezo.

Na wala si jambo la shule moja au kaunti moja. Mwaka 2019 shirika la UNESCO lilitoa ripoti iliyokusanya takwimu za nchi nyingi duniani, ikaonyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake shuleni ndani ya mwezi mmoja tu. Mmoja kati ya watatu! Chukua darasa la watoto 60, si ajabu hapa kwetu, kisha ufanye hesabu mwenyewe.

DINI IMESHAONGEA, SISI NDIO TUMENYAMAZA

Wenye madrasa wote mnaijua Surat al-Hujurat. Aya ya 11 inakataza watu kudharauliana, kutiana aibu, na kuitana kwa majina ya kejeli. Fikiria: majina ya kejeli, kitu ambacho mwalimu wa zamu anakipuuza kwa mkono, kimewekewa katazo ndani ya Qur'an.

Tena mnakijua kisa cha Abu Dharr, Mwenyezi Mungu amridhie. Alimkebehi mtu kupitia mama yake, na wanazuoni wengi wamesema mtu huyo ni Bilal. Mtume (S.A.W.) hakusema ni utani wa marafiki. Alimwambia Abu Dharr kwamba bado ndani yake kuna ujahiliya. Huyo ni sahaba mkubwa, tena ni neno moja tu. Sasa sisi ni nani tuseme "maneno hayavunji mfupa"?

Na kuna hadithi ya tatu ambayo ndiyo nguzo ya mazungumzo haya. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tumsaidie ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa yeye ndiye dhalimu. Masahaba wakashangaa: aliyedhulumiwa tunaelewa, lakini dhalimu tumsaidie vipi? Jibu likawa: kwa kumzuia asidhulumu. Shikeni hapo. Mtoto anayeonea wenzake naye anahitaji kusaidiwa, na msaada wake wa kwanza ni mtu kumshika mkono.

Kwa hivyo anayemwacha mtoto mwonevu aendelee amewaangusha watoto wawili, aliyepigwa na aliyepiga.

NGAZI IKIUA TUNAUNDA TUME. NA ULIMI JE?

Kakamega tunajua maumivu ya watoto kufa shuleni. Tarehe 3 Februari 2020, jioni, watoto wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakitoka madarasani wakakanyagana kwenye ngazi. Zaidi ya watoto 10 walipoteza maisha. Nchi nzima ililia. Viongozi walikuja, uchunguzi ukaanzishwa, kila mzazi akauliza juu ya upana wa ngazi na idadi ya milango. Na ilikuwa sawa kuuliza.

Lakini kuna usalama mwingine ambao haupimwi kwa futi. Mwaka 2019, kaunti ya Bomet, msichana wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 14 alijitoa uhai. Familia yake ilisema kwamba alikuwa amepata hedhi darasani, mwalimu akamwita mchafu na kumtoa nje. Sheria ya serikali kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo ilikuwa imepitishwa tangu 2017. Karatasi ilikuwepo. Sodo haikuwepo, wala huruma. Wabunge wanawake waliandamana hadi Wizara ya Elimu, magazeti yakaandika wiki mbili, kisha tukasahau.

Tunataja Bomet kwa sababu moja. Tukisema uonevu, tusidhani ni watoto peke yao. Mtu mzima akimdhalilisha mtoto mbele ya wenzake, amewapa darasa zima ruhusa ya kuendelea pale alipoachia. Mwalimu akimwita mtoto "wewe wa hijabu" badala ya jina lake, asishangae wakati wa mapumziko akikuta wenzake wanaivuta hiyo hijabu.

Na sasa kuna jambo jipya. Tangu 2023, serikali iliamua kwamba sekondari msingi, hiyo JSS, iwe ndani ya shule za msingi. Maana yake kijana wa Gredi ya 9 ambaye ndevu zinaanza kuota anatumia uwanja mmoja, lango moja, na mara nyingine vyoo vilevile na mtoto wa miaka sita. Hatusemi vijana wa JSS ni wabaya. Tunasema umri huo na umri ule haviachwi pamoja bila jicho la mtu mzima. Je, shule ya mdogo wako imepanga nani anasimama karibu na vyoo wakati wa mapumziko? Nani anaangalia foleni ya chakula? Nani yuko langoni saa ya kwenda nyumbani? Uonevu unapenda pale ambapo mwalimu hayupo. Ukitaka kuuzuia anza na hizo sehemu tatu, kabla hata ya kuandika mabango ya "Tupendane".

SHERIA IKO UPANDE WAKO, LAKINI INATAKA KARATASI

Vijana, someni sheria yenu. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa aina zote. Kifungu cha 32 kinalinda imani ya mtu: hunyimwi haki yoyote kwa sababu ya dini yako, na hulazimishwi kufanya tendo lililo kinyume na dini yako. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili ama kiakili, na anayevunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inaipa bodi ya shule, ile BOM, jukumu la kuangalia usalama na haki za wanafunzi.

Na kwa sababu shule nyingi za huku kwetu zina mfadhili wa kanisa, shikeni hili pia: kifungu cha 27 kinampa mfadhili nafasi ya kukuza maisha ya kiroho shuleni, lakini papo hapo kinamtaka alinde imani ya wale wasio wa dhehebu lake. Kwa hivyo mzazi Mwislamu akiingia ofisini kuuliza mbona mwanawe anachekwa kwa kufunga Ramadhani, haendi kuomba fadhila. Anakumbusha wajibu.

Lakini sheria bila karatasi ni kisu bila makali. Mnakumbuka kesi ya hijabu ya Isiolo? Wasichana Waislamu wa shule moja ya sekondari inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist walitaka kuvaa hijabu. Mwezi Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki, tukashangilia hadi misikitini. Mwezi Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo. Na sababu kubwa ilikuwa utaratibu: dai la upande wa mzazi halikuwa limefikishwa mahakamani kwa njia inayotakiwa. Hawakusema hijabu ni kosa. Kesi iliangukia mlangoni kabla ya kufika sebuleni.

Hilo ni somo la uchungu, na linahusu hata mandazi ya mtoto wa Gredi ya 3. Tunapiga kelele sana, tunaandika kidogo. Mwalimu mkuu anaulizwa na afisa wa elimu, "Kuna malalamiko yoyote?" Anafungua faili. Faili ni tupu. Mzazi alikuja mara nne, lakini alikuja kwa mdomo.

Basi haya ndiyo ya kufanya:

1. Msikilize mtoto bila kumkatiza. Swali la "wewe ulimfanya nini kwanza?" lifunge kinywani. Mwambie mambo matatu: nimekuamini, si kosa lako, na nitafanya kitu.

2. Andika. Tarehe, saa, mahali, nini kilisemwa au kufanywa, nani aliona. Daftari la shilingi 20 linatosha. Kama kuna alama mwilini, mpeleke hospitali na uweke karatasi ya daktari.

3. Nenda kwa mwalimu wa darasa, kisha kwa mwalimu mkuu. Beba barua nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri au itiwe sahihi, urudi nayo. Nenda kwa adabu. Adabu si woga.

4. Uliza maswali yenye tarehe: "Mtafanya nini, na lini mtanijulisha?" Ukiambiwa wiki mbili, rudi siku ya kumi na nne.

5. Wakinyamaza, peleka nakala kwa BOM, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mtesaji akiwa ni mwalimu, peleka pia TSC. Mtoto akiwa hatarini, usingoje wiki mbili: nenda kwa afisa wa watoto au polisi siku hiyohiyo. Namba 116 ya Childline Kenya ni bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mtoto akianza kusema anataka kufa, hata kama unadhani anatania, usimwache peke yake na utafute msaada saa hiyo.

6. Usimrushe mtoto TikTok. Hii ni yetu sisi wa mitandao. Video ya mtoto analia, jina la shule, sura ya mtoto aliyempiga, na maandishi ya "sambaza hadi imfikie Waziri". Umemdhalilisha mara ya pili, safari hii mbele ya laki moja. Na yule mwingine naye ni mtoto, ana sura na ana mama.

"MRUDISHIE" NA "MUHAMISHE"

Kuna ndugu wanaosema dawa ni mtoto arudishe ngumi. Sawa, arudishe. Kesho wale watatu watakuja wakiwa watano. Na akishinda, umefuga mwonevu mpya nyumbani kwako. Mtoto afundishwe kusema "wacha!" kwa sauti kubwa, kutoka pale haraka, kukaa karibu na wenzake na kumwambia mtu mzima. Hiyo ina faida kuliko ngumi.

Wengine wanasema tumuhamishe, tumpeleke shule ya Kiislamu. Mwenye uwezo ana hiari yake, na wakati mwingine kuhama ndiko kunaokoa. Lakini ukihama kimya kimya, umemwachia kiti mtoto wa jirani ambaye hana karo ya shule ya kibinafsi. Andika barua kwanza, ndipo uhame.

Na wengine wanataka mtoto aliyemwonea mwenzake atiwe pingu. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawajibiki kwa kosa la jinai. Na ni sawa. Mtoto wa miaka tisa anayewapiga wenzake kila siku, uliza ni nani anampiga yeye. Mara nyingi utakuta nyumbani kuna mkono mzito, au hakuna mtu kabisa. Aitwe na mzazi wake, aambiwe wazi alichofanya, arudishe alichochukua, awekwe karibu na mwalimu anayemfuatilia, na aangaliwe muhula mzima. Kumchapa mbele ya paredi, mbali na kwamba viboko vimepigwa marufuku shuleni Kenya tangu 2001, ni kumfundisha kwamba mwenye fimbo ndefu ndiye mwenye haki. Hilo somo tayari analijua.

TUSAFISHE NA KWETU

Sasa hapa wengine mtakasirika, lakini haki haina nusu.

Mtoto Mkristo anayesoma katika shule iliyojaa watoto Waislamu, pale Mumias au kwingineko, akiitwa "kafiri" na kunyimwa nafasi ya kucheza, dhulma hiyo ni ileile. Ukurasa huu utamtetea kama unavyomtetea yule wa mtandio. Kama haki tunaijua pale tu inapotuhusu, basi hatutetei haki, tunatetea timu.

Na madrasa zetu? Ni mara ngapi mtoto anayegugumiza anaigizwa na wenzake wakati wa kusoma juzuu, na ustadh anatabasamu? Ni mara ngapi mtoto mwenye ulemavu anaitwa kwa ulemavu wake? Mtoto mweusi sana, mtoto wa mama aliyesilimu juzi, yatima anayekuja na kanzu iliyochanika: hao wanaitwa majina gani chini ya paa lile lile ambalo al-Hujurat inahifadhiwa? Kisha Jumatatu tunaenda kumshtaki mwalimu mkuu. Tukiingia ofisini kwake tuwe tumeshasafisha ukumbi wetu, la sivyo atatuuliza na hatutakuwa na jibu.

KAZI YENU VIJANA

Wazazi wetu wengi wanaogopa ofisi. Wanaona Kiingereza kitawashinda, wanaona mwalimu mkuu ni mkubwa. Nyinyi mmesoma. Barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili safi, inawashinda? Mwandikie mamako. Msindikize babako. Kaa naye pale kwenye benchi hadi mlango ufunguliwe.

Wale mnaoishi karibu na shule, pangeni zamu ya kutembea na watoto wadogo jioni, Waislamu na Wakristo pamoja, hadi njia panda. Hakuna bajeti inayohitajika. Wenye bodaboda mko barabarani saa hiyo hiyo, mkiona kundi la wakubwa limemzunguka mdogo, simameni. Walimu vijana mliomaliza chuo juzi, ombeni wenyewe zamu ya vyoo na foleni ya chakula. Walimu wa madrasa, khutba ya watoto wiki hii iwe ni majina ya kejeli. Na wazazi vijana, muhula ujao kukiwa na uchaguzi wa chama cha wazazi, jitokezeni. Mnalalamika hakuna Mwislamu pale, lakini siku ya mkutano mko wapi?

Na kwa mtoto mwenyewe, kama kaka yako au dada yako anakusomea maneno haya: hujakosea kwa kuvaa unavyovaa, kwa kuitwa unavyoitwa, wala kwa kulia. Ukisema, hujawa mchongezi. Mchongezi anasema ili mwenzake aumizwe. Wewe unasema ili kuumizwa kuishe. Mwambie mtu mzima mmoja. Akikuambia "vumilia", mwambie wa pili. Endelea hadi mmoja ainuke.

Ewe Mola, walinde watoto wetu na ulimi wa dhalimu na mkono wake, uwaongoze wale wanaodhulumu kabla dhulma haijawaharibu, na utuondolee sisi wakubwa uzito wa kuinuka. Amin.

Wabillahi tawfiq.